Alichofundishwa Sufyan

Mafraq, 12 Oktoba 2022

Shangazi Ibtihal,

Barua hii ikukute mzima, na miguu yako iwe imepona, maana najua zamu za wodi zinavyoikomesha. Sisi huku wazima. Mama anakusalimu sana, Baba anakusalimu. Babu hakusema kitu, ila nilipotaja jina lako aligeuza kichwa, nami nimechukulia kuwa ni salamu.

Nyumba tuliyopanga iko mwisho wa mji, upande wa upepo. Vumbi linaingia mpaka ndani ya chupa za zeituni. Mama anasema kule Karak tulikula zeituni kwa mkate, huku tunakula zeituni kwa mchanga. Shule mpya ni nzuri. Ina maktaba yenye kabati za kufungwa kwa ufunguo, na mwenye ufunguo ni mwalimu Hanadi. Kwao ni Amman, huenda kila Alhamisi, ndiye atakayekuletea barua hii. Wasichana wa darasani waliniuliza kwa nini tumehama. Nikasema ni kazi ya Baba. Mmoja akacheka: "Kazi gani hiyo inamhamisha mtu na babu yake na binamu zake wote?" Nikafungua kitabu.

Simu hatuna. Baba amezikusanya zote baada ya binamu Qusay kutukanana mtandaoni na vijana wa ukoo wa marehemu. Amebakiza yake tu, na ukipiga anaweka sauti ya nje ili chumba kizima kisikie. Ndiyo maana naandika.

Siku wazee wetu walipokwenda kuomba muhula wa amani, ule uliotutoa Karak ili damu isilipizwe, ulikuwa kazini, sijui kama uliambiwa yaliyosemwa. Baba anasema hemani kwao kahawa ilimiminwa mbele ya Babu, naye hakuigusa, kama ilivyo desturi, mpaka apewe jibu. Mzee wao akasema, "Kabla hujanywa, tuambie mbele ya watu. Mjukuu wako ana akili au hana? Tumesikia mmeanza kutafuta madaktari. Kama ni mwendawazimu, sisi hatuna wa kupatana naye. Itakuwa ndugu yetu kafa kama mtu aliyepigwa teke na punda." Babu akajibu, "Ana akili timamu. Ni wetu, na damu iko shingoni mwetu." Sheikh Dhaifallah, mpatanishi, akaweka uso wake, yaani heshima yake, kuwa dhamana ya neno hilo. Ndipo Babu akanywa.

Kwa hiyo yeyote kati yetu atakayesema Sufyan anaumwa, atakuwa ameukata uso wa Sheikh. Muhula utavunjika, na wale vijana wanaweza kutufuata hata huku.

Lakini Shangazi, Sufyan anaumwa. Wewe ndiye uliyemkuta juu ya paa sikukuu ile, anaziba mabomba ya maji kwa matambara ili sauti zisipande. Kaka yangu hakumuua mzee Abu Rashdan kwa chuki. Mzee alikuwa akituletea mitungi ya gesi tangu sijazaliwa, na mimi alikuwa akinipa peremende. Sufyan alisema muziki wa pikapu yake, ule wa kuita wateja, unamtaja jina na kumhukumu. Alituambia sote. Tukamwambia apumzike kusoma.

Sasa mahakama imempeleka hospitalini kwenu, jopo la madaktari watatu limchunguze. Watajua? Nawe unasoma shahada ya uzamili ya mambo haya haya, ya wagonjwa wa akili wanaofika mahakamani. Baba anakuita "profesa wa wauaji", lakini anasema huku anatazama pembeni. Mimi nataka kujua kweli. Mnasoma nini kwenye hiyo kompyuta? Mnamuulizaje mtu hadi mjue?

Binti wa kaka yako,
Ruwaida


Amman, 27 Oktoba 2022

Ruwaida, mboni ya jicho langu,

Nawe pia nakuombea uzima, na wote wa nyumbani, na huyo aliyegeuza kichwa. Miguu bado inauma, lakini naisahau nikikaa darasani. Nimempa mwalimu wako kopo la jamid ya Karak, yale maziwa makavu. Mwambie mama yako asiwape wageni, ni yenu.

Ndiyo, yuko hapa. Wodi ya mahakama iko ng'ambo ya ua wetu wa wanawake. Siku alipoletwa nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wa wauguzi, nikamwambia kijana huyu ni mtoto wa kaka yangu. Akanyoosha mkono nimpe ufunguo wa upande ule. Ndivyo inavyotakiwa, na mimi ndiye ninayewafundisha wageni kazini kwamba ndivyo inavyotakiwa. Zaidi ya hapo usiniulize habari zake. Sizijui, na nikizijua si zangu kuziandika.

Kuhusu masomo, hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kuniuliza, basi vumilia nikirefusha. Chuo kiko Uskoti, sijawahi kukikanyaga. Darasa letu linakutana kwenye kioo cha kompyuta alasiri. Yupo askari magereza wa Malta, yupo mwanasheria wa Kano, yupo muuguzi mmoja ambaye paka wake hupita mbele ya kamera na kumwonyesha profesa mkia. Umm Ziyad, mwenye nyumba wangu, hugonga katikati ya mhadhara: "Ibtihal! Hao watu hawali? Waambie maqluba inapoa!" Siku moja kipaza sauti kilikuwa wazi. Profesa akauliza maqluba ni nini, na somo likaishia hapo.

Hatuulizi kama mtu ni mwendawazimu. Tunauliza: saa ile ya tendo, alijua anachofanya? Alijua ni kosa? Na kwa kuwa wapo wanaojifanya ili wakwepe kifungo, lazima tujue kutofautisha. Kazi yangu ya muhula huu ni hiyo. Wanaosikia sauti kweli, wengi huzisikia kana kwamba zinatoka nje ya kichwa, kama mtu aliye chumba cha pili. Huwa zinakuja na kuondoka. Mgonjwa huwa na mbinu zake za kuzituliza: redio, kutembeatembea, kuziba masikio. Anayejifanya hajui hayo, huiga wendawazimu wa kwenye sinema. Nimeandika kurasa nyingi juu ya jambo hili na naona kama ndiyo kwanza naanza kuelewa wodi niliyofanyia kazi miaka yote.

Soma kwa bidii. Wasichana wakikuuliza, wajibu kwa alama.

Shangazi yako,
Ibtihal


Mafraq, 16 Novemba 2022

Shangazi,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Jamid imefika, Mama ameinusa akalia kidogo halafu akapika nayo mansaf ya nyama na wali. Babu ana kikohozi, anakataa dawa, anasema chai ya maramia inatosha. Mimi nimepata alama ya juu katika Kiingereza, lakini mwalimu aliponiita mbele nilisahau kutembea.

Barua yako nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Hukujibu habari ya paa.

Wiki iliyopita alikuja bibi wa ustawi wa jamii kutoka hospitalini, anataka historia ya Sufyan. Mama alimpa chai. Bibi yule akauliza kwa upole sana, "Aliwahi kubadilika tabia? Kuogopa vitu? Kutolala?"

Baba akasema, "Kijana alikuwa anasoma sana, basi. Uhandisi si mchezo."

"Hakuwahi kusikia sauti?"

Babu akagonga fimbo chini. "Katika nyumba hii sauti inayosikika ni yangu."

Bibi yule akamtazama Mama. Mama akasema, "Alikuwa mtoto mzuri. Alikuwa ananisaidia kukunja majani ya zabibu." Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Bibi yule alinitazama hata mimi, Shangazi. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Baba akaniambia, "Peleka vikombe jikoni," nikapeleka.

Kwa hiyo umebaki wewe. Hukai nasi na hukuwa kwenye hema, na unajua maneno ya madaktari. Huwezi kumchunguza, hilo nimelielewa, lakini je, huwezi kwenda kama jamaa tu, ukawaeleza ulichokiona juu ya paa? Mama anasema Sufyan mwenyewe anawaambia madaktari haumwi, wamwache akafanye mtihani. Atajifunga kwa mdomo wake.

Utakwenda? Nijibu hilo tu. Mengine yote yanaweza kusubiri.

Ruwaida


Amman, 7 Desemba 2022

Ruwaida mwanangu,

Nawasalimu nyote. Babu yako apelekwe zahanati hata kwa ugomvi. Huku mvua, ua umejaa maji, na wagonjwa wangu wanakataa kutoka nje.

Nimekawia. Nilianza barua hii mara kadhaa na kila mara nikakuta naandika habari za hali ya hewa. Baba yangu alitoa neno mbele ya watu wote. Nikienda, nasema alidanganya mbele ya kikombe cha kahawa. Nawaweka ninyi nyote kwenye njia ya vijana wenye hasira, mimi ninayekaa Amman kwenye ghorofa ya tatu na mlango wa chuma. Hilo lilinishika.

Lakini nitakwenda. Jopo linaandika ripoti mwishoni mwa mwezi, nitakwenda kabla.

Sasa sikia, na hili ni kubwa kuliko hilo la kwanza. Nimesikia mtapewa ruhusa ya kumwona. Usizungumze naye habari ya ugonjwa. Usimwambie chochote nilichokuandikia. Kukana kwake kusikutie hofu. Mtu aliye katika hali yake, anayesema haumwi huku kila anachokisema kinaonyesha ndivyo sivyo, huyo ndiye madaktari wanayemwamini. Mwache akane. Zungumzeni habari za chakula.

Hanadi hakuja Alhamisi iliyopita, mtoto wake ana kifua. Naiacha barua kwa mama yake.

Ibtihal


Mafraq, 13 Desemba 2022

Shangazi mpendwa,

Salamu nakupa mbio mbio maana nina habari! Wote wazima, Babu anakohoa kama kawaida. Sijapata barua yako. Mwalimu Hanadi hayupo shuleni, wanasema mtoto wake mgonjwa. Hata hivyo usijilaumu, nimejua umeshindwa kujibu kwa sababu ni vigumu. Basi nimefanya mimi.

Jumapili tulikwenda kumwona Sufyan. Amekonda, ndevu zimeota vibaya. Mama alipoitwa kutia saini nilibaki naye kwenye benchi, na muuguzi alisimama mbali kwenye jua. Nikamwambia, "Sufyan, hao watu wanataka kukusaidia, ila hujui kuwaambia." Akasema, "Niwaambie nini? Mimi mzima." Nikamwambia, "Waambie sauti zinatoka nje ya kichwa, kama mtu wa chumba cha pili. Waambie zinakuja na kuondoka. Waambie ulikuwa unawasha redio ili zitulie." Akauliza, "Nikisema hivyo nitarudi nyumbani?" Nikasema utakwenda mahali pa kutibiwa, halafu nyumbani.

Akarudia mpaka akaweza. Unajua alivyo na kichwa chepesi cha kukariri. Na Shangazi, si uongo! Redio aliwasha kweli, siku nzima, hata kipindi cha bei za mboga. Mimi nimempa maneno tu.

Wakili ametuambia jana madaktari walimwita tena. Kwa mara ya kwanza, Shangazi, naona kama nimefanya kitu kimoja.

Ruwaida


Mafraq, 15 Desemba 2022

Shangazi,

Mwalimu Hanadi amerudi leo na barua yako ya tarehe saba; anakuletea hii na ile ya juzi.

Nisamehe. Niambie la kufanya.

Ruwaida


Amman, 12 Januari 2023

Ruwaida,

Mungu awape nguvu nyote. Nakuandikia nikiwa mzima, ni uchovu tu. Umm Ziyad ananiletea supu ya dengu na kukaa hadi niimalize.

Nilikwenda siku ile ile niliyopata barua yako ya tarehe kumi na tatu. Mkuu wa jopo, daktari Shukri, ananijua kwa miaka, tumekunywa chai pamoja mara nyingi. Nikamweleza habari ya paa, matambara, mabomba, na muziki wa pikapu. Alisikiliza bila kuandika. Halafu akasema, "Sitt Ibtihal, siku hizi unasoma nini?"

Nikamtajia.

"Na muhula huu unaandika juu ya nini?"

Nikamtajia na hilo.

Akavua miwani. "Kijana huyu kakaa hapa wiki baada ya wiki anatukatalia. Nilikuwa nimekwisha kuamua, nakuambia ukweli, anaumwa huyu. Bibi wa ustawi kaleta maneno ya familia kwamba ni mzima, nikasema familia zinaficha, tumezoea. Halafu Jumatatu anaingia, anakaa wima, anatuambia sauti 'zinatoka nje ya kichwa'. Mgonjwa gani anaongea hivyo? Huo ni ukurasa wa kitabu. Nikamuuliza nani kakwambia, akacheka, akasema, 'Watu wetu wanajua.' Nani kwenu anajua, Sitt Ibtihal?"

Sikukutaja, Ruwaida. Kama ningekutaja wangekuita, wangekuhoji mbele ya baba yako, na bado wangesema maneno yametoka kwangu. Ni kweli yametoka kwangu. Akaandika. Habari ya paa sidhani kama imeingia kwenye karatasi. Aliniambia mlangoni, "Ningekuwa mahali pako labda ningefanya hivyo hivyo." Alidhani ananifariji.

Chuo nimekiomba nisimame mwaka mmoja. Profesa ameniandikia kwa upole na kuniuliza kama ni shida ya mtandao. Nimemjibu ndiyo.

Usijichape. Ulikuwa na mtu mmoja wa kumuuliza, na huyo mtu alikawia.

Ibtihal


Mafraq, 22 Februari 2023

Shangazi,

Wote wanakusalimu isipokuwa Babu. Kikohozi chake kimepungua. Mwalimu Hanadi amenipa ufunguo wa kabati moja, ila sijaenda kusoma. Mama anasema macho yangu yapumzike.

Pengine umeshasikia ripoti. Jopo limesema Sufyan alikuwa na akili yake na kwamba alijaribu kujifanya. Amerudishwa gerezani, kesi inaendelea baada ya Ramadhani.

Habari kwamba ulikwenda kwa daktari zilifika huku kabla ya ripoti. Sheikh Dhaifallah akaja, akakaa, kahawa ikamiminwa, hakuigusa. Babu alipauka. Akasema, "Binti yangu kaniacha uchi." Sheikh akasema atasubiri madaktari waseme nini. Zikapita siku nyingi, hakuna aliyekuwa anakula vizuri, Baba akaweka kitanda chake mbele ya mlango. Ripoti ilipotoka Sheikh akarudi, uso unacheka, akamwambia Babu: "Mutlaq! Madaktari wa serikali wamesema neno lile lile ulilosema wewe. Uso wangu mzima, na muhula mzima." Akanywa kikombe, akaomba cha pili. Babu akamshukuru Mungu. Nilimkuta Baba jikoni ameshika ukingo wa sinki, analia bila sauti, na sikujua analia kwa lipi.

Nilimwambia Mama kila kitu. Nikamwambia nataka kwenda kwa daktari Shukri, niseme ni mimi. Alikuwa anakanda unga. Aliniziba mdomo kwa kiganja kilekile chenye unga. "Ukisema, watampa nini? Watasema sasa mtoto naye kafundishwa. Na huyu Sheikh atarudi. Nina wana wangapi wa kupoteza?" Wakili anasema jopo jingine linaweza kuombwa, lakini familia ndiyo iombe, na mkubwa wa familia ni Babu. Baba alimgusia mara moja tu. Babu alimwambia, "Nimekwisha kunywa."

Jana tulimwona gerezani. Mama alimpelekea majani ya zabibu, askari akayakata kata kwanza na kuturudishia kopo. Sufyan anatikisa goti muda wote. Alipoketi hakusalimu, alianza palepale, kwa sauti kubwa, kama mtoto anayesoma shairi mbele ya mkaguzi: zinatoka nje ya kichwa, kama mtu wa chumba cha pili, zinakuja na kuondoka. Halafu akanitazama. "Nimesema vizuri?"

Mama akageuka upande.

Nikamwambia, "Sufyan, sahau hayo. Nilikosea mimi. Wakikuuliza tena, sema kama ulivyokuwa unasema zamani, kabla sijaja."

Akafikiri. Alifikiri kweli, Shangazi, alikunja paji la uso kama alipokuwa anafanya hesabu mezani kwetu. Akauliza, "Zamani nilikuwa nasemaje?"

Ninajua alikuwa anasemaje. Nakumbuka kila neno. Sikumjibu, kwa sababu kama ningemjibu ningekuwa namfundisha tena. Nikamsogezea kopo, nikamwambia ale.

Ruwaida